Barua ya Mkebe wa Kwanza

Mpaka wiki yake ya mwisho duniani, mjomba hakuacha kutazama kona ya juu, upande wa kulia. Akiingia chumbani kwa mtu, kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani, macho yake yalipanda kwanza kwenye kona ya dirisha. Akipewa picha ya harusi, na watu wakisubiri aseme bibi harusi amependeza, yeye alikuwa ameshughulika na kona ile ambayo haina mtu. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku alipokuja kuposa, aliukodolea macho mlango wa ukweni kwa juu, muda mrefu, hata kaka zake wakaanza kunong'onezana: huyu kaja kuoa au kaja kukagua nyufa?

Ilikuwa ni kazi iliyomkaa mwilini. Zamani filamu haikuja nzima. Ilikuja vipandevipande, mikanda mitano au sita, kila mkanda ndani ya mkebe wake wa bati, na kila mmoja ulidumu dakika ishirini tu. Ndiyo maana chumba cha mitambo, kule juu nyuma ya ukumbi, kilikuwa na projekta mbili. Mkanda ukikaribia kwisha, nukta ndogo hujitokeza kwenye kona ya juu kulia ya picha, sekunde moja hata haifiki. Hapo fundi huwasha mtambo wa pili. Hesabu hadi saba, nukta nyingine, hapo hubadilisha. Akifanya sawasawa, hakuna mtu ukumbini anayejua kuwa pale palikuwa na kiungo. Akipepesa macho, watu mia nne wanabaki wakitazama kitambaa cheupe na kuanza kupiga miluzi.

Mjomba aliitazama kona ile kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaani walimwita Mzee Nukta, naye hakukasirika. Alipostaafishwa na mkewe akamnunulia televisheni ya kumliwaza, hakuweza kuifurahia, kwa sababu kituo kimoja kilikuwa na alama yake kwenye kona ileile.

"Nukta gani hii haiondoki?" alilalamika. "Inanifanya nikae mguu sawa saa nzima!"

"Si uangalie wanaoongea?" mkewe akamwambia.

"Wanaoongea wataongea tu. Kona ndiyo yenye habari."

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa akicheka kama wengine, kisha akawa mtu wa kwanza kunyamaza. Hakuna aliyemjua mjomba kama yeye. Baba yake alifariki yeye binti akiwa darasa la pili, mama yake akawa anafanya kazi mpaka jioni, na tangu siku hizo akitoka shule alipanda zile ngazi za chuma hadi chumba cha mitambo. Pale, juu ya kigoda, katikati ya joto la taa na harufu ya mafuta ya mashine, alifanya hesabu za kuzidisha. Mjomba alimwita "mama," kama wajomba wengi wanavyowaita mabinti wa dada zao. Alipomaliza chuo, mjomba ndiye aliyevaa koti lake la pekee akaenda kumwona Mkurugenzi wa tamasha la kimataifa la filamu, lililofanyika kila mwaka katika ukumbi ule, akamwambia: "Mimi sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba."

Ndivyo mpwa alivyoingia ofisini kama mpiga chapa, na ndivyo, baada ya miaka miwili, alivyokuwa Katibu wa mashindano. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, meza yenye droo tatu, na muhuri. Kazi yake ilikuwa kupokea filamu zinazoshindania tuzo, kupanga saa za majaji, na kuandika kila kitu. Mama yake alipita akiwaambia majirani kwamba bila binti yake wazungu na waarabu na wahindi wote wasingejua waanzie wapi.

Mjomba yeye alikuwa na sharti moja kazini, nalo lilijulikana na kila mtu hadi wafagiaji. Filamu yoyote, iwe imetoka wapi, ilipita kwanza mikononi mwake. Aliiweka kwenye meza ya kuzungushia, akaizungusha mkanda baada ya mkanda kwa mkono, akiipapasa kingo kwa kidole gumba kutafuta mpasuko, akisimama kila mwisho wa mkanda kutazama picha ya mwisho kwa kioo cha kukuzia, kisha picha ya kwanza ya mkanda unaofuata, kuhakikisha kama zinashikana. Namba zilizoandikwa hakuziamini.

"Mkebe ni nguo," alikuwa akisema. "Mkanda ndiye mtu. Utamjua mtu kwa kumsoma shati?"

Mwaka ule filamu moja ya mashindano ilichelewa. Ilikuwa imetengenezwa na binti mmoja kutoka mbali, filamu yake ya kwanza, kuhusu mama anayeshona nguo na mwanawe aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Mikebe yake sita ilitoka moja kwa moja kwenye tamasha jingine, ikakwama kwenye ofisi ya mizigo siku tatu. Siku ya majaji kuiona, saa sita mchana, Katibu alikuwa bado amesimama mbele ya kaunta ya mizigo, jasho likimtiririka, na karani akisisitiza kila mkebe ufunguliwe.

Ndani ya mkebe wa kwanza, juu ya mkanda, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Hii nini?" karani akauliza.

Katibu aliikunjua. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa lugha ya kigeni, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani. Mstari wa kwanza ulisema: *Kwa mwenzangu wa mtambo, salamu.*

"Salamu tu," akasema, akaitia kwenye faili pamoja na fomu za mizigo. Alikusudia kumpa mjomba. Kusudio lenyewe lilikuwa la kweli kabisa, na miaka yote iliyofuata alilishikilia hilo kama mtu aliyeanguka majini anavyoshika unyasi.

Alifika ukumbini saa nane na nusu. Majaji walikuwa waingie saa tisa. Mjomba alikuwa ameshaisafisha meza yake, ameshavaa glavu nyeupe.

"Lete, mama. Nikiharakisha, saa moja na nusu inatosha."

"Mjomba, hatuna saa moja na nusu. Majaji wanakunywa chai hapo chini."

"Wanywe ya pili."

"Wana filamu nyingine saa kumi na mbili, na Mkurugenzi ameshaniita mara tatu. Nimehakiki mwenyewe. Moja mpaka sita, zote zipo, kila mkanda na namba yake."

Mjomba alimtazama. Kisha akatazama juu ya kichwa chake, kona ya mlango.

"Hakukuwa na kingine? Mikebe tu?"

"Mikebe tu," akasema. Na kwa wakati ule haukuwa uongo. Barua ilikuwa imemtoka akilini kabisa, imezama chini ya fomu na mihuri na karani na jasho.

"Haya," mjomba akasema, akazivua glavu. "Kama umehakiki wewe."

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewakatalia wakurugenzi watatu na waziri mmoja. Sharti lile alilivunja mara moja tu, kwa mtoto wa dada yake.

Ukumbini walikuwamo majaji watano peke yao. Kanuni ya mashindano ilikataza mwenye filamu kuwapo, ili majaji wasione haya kupiga miayo. Na kanuni nyingine ilisema kwamba majaji wakishaketi, mtambo hausimami ila kwa moto. Mikanda mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mkanda wa tatu uliishia mwana akifungua mlango, mama akigeuka kwenye cherehani yake. Nukta. Nukta ya pili. Mjomba akabadilisha, na pale kwenye kitambaa pakatokea kaburi.

Alijua palepale. Mahali fulani huko ilikotoka, vichwa vya mikanda, vile vipande vitupu vya mwanzoni vyenye namba, vilikatwa na kuungwa vibaya. Wa tano ulikuwa umevaa namba ya nne. Hakuweza kusimamisha. Akasimama kando ya mtambo dakika ishirini nzima akiwaangalia majaji wakimwomboleza mama, kisha akaweka mkanda uliofuata, na mama aliyezikwa akainuka, akapasha pasi moto, akaanza kumgombeza mwanawe kwa viatu vyenye matope.

Katibu alikuwa kwenye ujia wakati majaji walipotoka. Mwenyekiti wao, mzee mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuwa akifuta macho.

"Miaka kumi," alikuwa akiwaambia wenzake, "miaka kumi sijaona ujasiri wa namna hii. Anamzika, halafu anamrudisha jikoni kama vile huzuni haijui kalenda! Sisi wengine tungeona haya."

"Mimi sina haja ya kuona zilizobaki," mwingine akasema.

Katibu hakuelewa habari ya kuzikwa na kurudishwa, ila alielewa kwamba imepita. Alipanda zile ngazi za chuma mbilimbili.

"Mjomba! Wameipenda! Mwenyekiti amelia!"

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda, kigoda kilekile cha hesabu za kuzidisha. Juu ya mapaja yake palikuwa na kifuniko cha mkebe wa kwanza, naye alikuwa akikisugua kwa kidole gumba mahali fulani pembeni, taratibu, kama mtu anayebandua utepe mkavu.

"Wameipenda ipi?" akauliza.

Mjomba akamweleza jinsi mikanda ilivyopishana. Katibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini wameipenda, Mjomba. Itashinda. Yule binti atashinda! Nani kaumia? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Akishapita mwanaharamu, mwenye filamu bado yupo. Hiyo waliyoiona hakuitengeneza yeye."

"Atajua nani?"

"Siku atakapoketi ukumbini na kuona yule mama wa filamu yake kafa kabla hajaongea, atajua yeye. Na mimi najua. Na sasa wewe unajua." Aliinuka, akakiweka kifuniko juu ya rafu, upande wa maandishi ukiwa ukutani. "Nashuka kuwaambia. Kosa ni langu, sikuizungusha."

"Mjomba, mimi ndiye niliyekwambia..."

"Wewe ulisema. Mkono wa kuzungusha ulikuwa wangu."

Jioni ile Katibu aliketi kuandika taarifa ya Mkurugenzi. Alifungua faili achukue fomu za mizigo, na karatasi iliyokunjwa mara mbili ikamwangukia magotini. Safari hii aliisoma yote.

*Kwa mwenzangu wa mtambo, salamu. Vichwa vya mkanda wa nne na wa tano vimebadilishana. Nakala si yangu, sina ruhusa ya kukata, ndiyo maana nakuandikia. Usiamini namba. Wa nne unaanza mama akiinuka kwenye cherehani. Wa tano unaanza na kaburi. Ni filamu nzuri, utaipenda, hasa mahali pa pasi. Hapa kwetu baridi ni kali na mtambo wangu wa pili unapiga kelele kama mbuzi. Wako vipi? Mwenzako.*

Aliisoma mara tatu. Wako vipi? Mtu asiyemjua mjomba, hajui jina lake wala sura yake, alikuwa amesimama mahali penye baridi, mikono ikinuka mafuta yaleyale, akamwuliza habari za mitambo yake.

Mkurugenzi alimwita asubuhi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na suti nyingi, lakini siku ile alikuwa na moja tu la kuuliza.

"Wewe ndiye uliyefungua mikebe. Kulikuwa na maelekezo yoyote ndani? Maana kama yalikuwapo, ni jambo jingine. Kama hayakuwapo, ni uzembe wa fundi."

Barua ilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kifuani pake, amelikumbatia kama mtoto wa shule.

Aliona mambo mengi kwa pamoja: droo tatu, muhuri, mama yake akipita kwa majirani. Aliona pia kwamba mjomba ameshakiri, ameshasema kosa ni lake, na kwamba jiwe likishafika chini halina faida kulikimbilia. Hiyo ndiyo sauti ya hatia inapokuwa changa: huongea kwa busara, kama mtu mzima.

"Hapana," akasema. "Hakukuwa na kitu."

Filamu ilionyeshwa tena siku ileile, kwa mpangilio wake. Mjomba alikuwa ameizungusha yote kwa mkono, akakaa nayo tangu alfajiri. Majaji waliketi wamekunja mikono, kama watu walioandaliwa chakula walichokwisha kushiba. Mama aliinuka kwenye cherehani, akapasha pasi moto, akaumwa, akafa, akazikwa.

"Nzuri," Mwenyekiti akasema wakitoka. Alisita, akitafuta kitu kwenye miwani yake. "Nzuri tu."

Tuzo ilikwenda kwa filamu nyingine. Yule binti wa mbali alikuja ofisini siku ya kuondoka kuchukua mikebe yake. Alikuwa mdogo kuliko walivyodhani, na alibeba mkoba wa nguo aliokuwa ameushona mwenyewe, au mama yake.

"Nimesikia ilionyeshwa mara mbili," alisema. "Kwa nini?"

"Palitokea hitilafu," Katibu akajibu. "Fundi wa mtambo alikosea."

"Maskini," binti akasema, na hakuwa anajisemea mwenyewe. "Mnisalimie."

Salamu zile pia hazikufika.

Mjomba alipewa barua ya kupumzishwa mwishoni mwa mwezi. Hakubishana. Alikunja koti lake la kazi, akaifunika mitambo yote miwili kwa shuka, kona kwa kona, kama mtu anayelaza wagonjwa, akashuka. Miaka minne baadaye ukumbi ulileta mashine ya kidijitali, ndogo kama kabati la viatu, isiyo na mikanda wala nukta, na watu wakasema hata hivyo angeondoka tu. Mpwa wake aliipenda sana kauli hiyo. Aliirudia kila palipopatikana nafasi, mpaka siku moja akajisikia anaisema peke yake, akipiga mswaki.

Alipanda vyeo. Alijulikana kama mtu asiyepitwa na karatasi. Kila boksi lililoingia ofisini lilifunguliwa mbele yake, na kila kijikaratasi, hata risiti ya dukani iliyosahaulika chini, alikisoma mpaka nukta ya mwisho. Wafanyakazi walimwita Mama Soma nyuma ya mgongo wake. "Ungekuwa na watu watano kama huyu," Mkurugenzi aliwaambia wageni, "tamasha lisingekosea milele." Naye alitabasamu, akaenda kunawa mikono.

Mwaka wa kumi na mbili tangu mjomba aondoke, alipendekeza kwenye kikao kwamba tamasha limpe tuzo ya utumishi. Aliipigania. Aliandika maelezo ya sifa mwenyewe, usiku wa pili akayafuta, akayaandika upya. Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake, ila palikuwa na tundu katikati.

Mjomba alikuja na lile koti. Alipanda jukwaani, akatazama kwanza kona ya juu ya kitambaa, watu wakacheka kwa upendo. Mkurugenzi alisoma sifa zote, na alipofika mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda sauti yake, akaongeza za kwake:

"Na lile kosa lake moja la mwaka ule, mzee wetu, leo mbele ya wageni wote nasema, tamasha limekusamehe!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mpwa, mstari wa mbele, alikuwa amesimama na wengine akipiga makofi, viganja vikimwasha, na hakuweza kuacha kwa sababu akiacha ataonekana. Mjomba alisogea kwenye kipaza sauti.

"Ahsanteni," akasema. "Mimi nilidhani mmeniita kutengeneza mtambo."

Vicheko. Kutoka pale jukwaani alimtazama yeye, mara moja, usoni. Hakutazama kona.

Garini, wakirudi, mjomba alikipakata kikombe cha tuzo, cha shaba, chenye umbo la mkanda uliozungushwa.

"Kizito," akasema.

"Ni shaba tupu, Mjomba. Utakiweka sebuleni."

"Mlangoni. Mlango wa chumbani unapigapiga na upepo, mkaza mjomba wako hapati usingizi."

Na kweli kilikaa mlangoni, sakafuni, kikizuia mlango usijipige. Kila alipokwenda kuwasalimu, mpwa alikivuka kwa mguu.

Barua aliihifadhi. Hakuweza kuichana na hakuweza kuitoa. Ilihama naye nyumba tatu, kwanza ndani ya kamusi, kisha ndani ya bahasha ya vyeti vyake. Ukiiweka kwenye bahasha ya vyeti vyako, ndipo unapojua vyeo vyako vimesimama juu ya nini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, naye kila mwaka wakati wa tamasha alijiambia: nitazaa mwaka huu, nitasema. Kisha majaji wakaja, wageni wakaja, na tamasha likapita.

Mjomba alipoanza kuumwa, figo zikiwa zimechoka na macho yamefifia, mpwa alikwenda kila Jumamosi. Jumamosi moja aliitoa barua kwenye bahasha, akaitia kwenye mkoba wake, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu. Alikuwa ameamua. Njiani alirudia maneno yake kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani.

Alimkuta amelala kwa kuegemea mito, dirisha limefunguliwa. Mkaza mjomba alikuwa jikoni, sauti ya vyombo ikisikika.

"Mama, umekuja."

"Nimekuja, Mjomba. Umeamkaje?"

"Nimeamka, hilo si dogo. Kaa. Usikae hapo, unanizibia kona."

Akacheka, akasogeza kiti. Walizungumza habari za watoto wake, habari za jirani aliyejenga ukuta mpaka njiani, habari za daktari ambaye, kwa maelezo ya mjomba, alimpima kama mtu anayenunua mbuzi. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mpwa alimnywesha maji, akamfuta kidevu.

Alifungua mkoba. Akafungua zipu. Vidole vyake vikaigusa barua, ile mikunjo miwili iliyolainika kama kitambaa.

"Mjomba."

"Naam."

"Kuna jambo..."

Mjomba alimgeuzia uso, macho yale yaliyofifia yakingoja, na hayakuwa na haraka yoyote. Na katika kungoja kule mpwa akaona miaka kumi na tisa yote imeketi naye kitandani. Akajiambia: ni mgonjwa, kumwambia sasa ni kumwongezea. Ilikuwa ni ileile sauti yenye busara ya mtu mzima, haijazeeka hata kidogo.

Akatoa leso.

"Kuna jambo gani?"

"Dawa zako. Nilitaka kuuliza kama zimebaki."

Mjomba alirudisha macho kwenye kona ya dirisha. "Zimebaki," akasema.

Mkaza mjomba aliingia na chai. Wakanywa. Saa kumi na moja mpwa aliaga, akamwinamia, akambusu mkono uliokuwa bado, baada ya miaka yote ile, na ganda gumu kwenye kidole gumba. Alifika mlangoni. Akainua mguu kukivuka kile kikombe cha shaba, na hapo akamsikia akimwita.

Kwamba siku ya Jumatano simu ingepigwa, na kwamba angekuwa mezani kwake akisoma karatasi isiyo na maana yoyote, hilo hakulijua. Aligeuka, mkoba begani, barua ndani ya mkoba. Mjomba alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, kona ya mlango, upande wa kulia, na sauti yake haikuwa na lawama, ilikuwa ya mtu anayekumbusha jambo dogo la nyumbani.

"Mama, kwenye kifuniko cha ule mkebe wa kwanza palikuwa na utepe umeandikwa *barua iko ndani*. Ukija tena, njoo nayo. Mwenzangu aliniandikia, na mimi sijamjibu."